UZI: Göttingen, mji mdogo wa Ujerumani uliokuwa kitovu cha hisabati duniani, na mwaka 1933 ulioubomoa

#1 Mninga

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka jana, leo nimeamua kukaa chini niandike. Nilisomea uzamili wa misitu Göttingen, nikakaa pale miaka miwili na miezi, na mji ule haujanitoka moyoni hadi leo. Huku kwetu ukitaja Ujerumani mtu anakutajia Berlin, Bayern na magari. Göttingen hawaijui. Lakini fungua kitabu chochote cha hisabati au fizikia cha chuo kikuu, kila baada ya kurasa chache utakutana na jina la mtu aliyeishi katika mji ule.

Mji wenyewe uko kando ya mto Leine, kusini mwa jimbo la Niedersachsen, karibu katikati ya nchi. Kutoka Frankfurt ni kama saa mbili kwa treni ya kasi. Wakazi ni kama 120,000, na zaidi ya 20,000 ni wanafunzi, kwa hiyo ukipita mjini saa nne asubuhi kila baiskeli inayokupita ina mwanafunzi juu yake. Mji wa kale umezungukwa na boma la udongo lililojengwa enzi za vita. Siku hizi juu ya boma hilo ni njia ya kutembea kwa miguu chini ya miti mikubwa, na kwa mwendo wa taratibu unamaliza mzunguko kwa kama saa moja. Nimeuzunguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kilichonishangaza siku ya kwanza ni vibao. Kwenye kuta za nyumba za kawaida kabisa kuna vibao vyeupe vya mawe vyenye jina la mtu na miaka aliyoishi humo. Viko zaidi ya 300. Chini kuna duka la mikate, juu kuna kibao cha mwanahisabati. Unakwenda kutengeneza baiskeli, juu ya mlango wa fundi unasoma jina la mtu aliyevumbua kitu ulichokariri kidato cha nne.

Chuo kilianzishwa na Mfalme George II wa Uingereza, ambaye wakati huohuo alikuwa mtawala wa Hannover. Masomo yalianza 1734, kikazinduliwa rasmi tarehe 17 Septemba 1737. Jina lake ni la mfalme, lakini kazi ilifanywa na waziri wake, Gerlach Adolph von Münchhausen. Huyu bwana ningependa ajulikane zaidi. Zama zile katika vyuo vya Ulaya kitivo cha theolojia ndicho kilikuwa baba wa nyumba: wanatheolojia walikagua maandishi ya wenzao na kuyazuia wakitaka. Münchhausen aliwanyima haki hiyo tangu mwanzo. Profesa wa tiba au wa sheria aliandika alichokiona bila kuomba ruhusa ya mchungaji.

La pili alilofanya ni maktaba. Maktaba nyingi za wakati ule zilikuwa ghala la fahari ya mkubwa fulani, mgeni anaonyeshwa kisha anaondoka. Ya Göttingen ilinunua vitabu kwa mpango, kila fani, kutoka nchi mbalimbali, na mwanafunzi aliruhusiwa kuazima akasomee chumbani. Christian Gottlob Heyne aliiongoza tangu 1763 hadi alipofariki 1812, ikafikia vitabu kama 200,000. Hadi leo wana Biblia ya Gutenberg iliyokamilika, iliyochapwa juu ya ngozi. Mbali na hapo kuna bustani ya mimea aliyoianzisha daktari Albrecht von Haller mwaka 1736, na bado ipo. Mimi kama mtu wa miti nimekaa humo mchana kutwa.

Nitaendelea kwa vipande. Nina mengi ya kusema kuhusu 1933, ndiko ninakoelekea.

#2 Mwl_Songea

Mkuu nimeweka kambi hapa. Nafundisha hisabati sekondari mwaka wa kumi na moja huu. Tafadhali usimpite Gauss haraka. Wanafunzi wangu wanadhani hisabati ilishuka kutoka mbinguni ikiwa imeshaandikwa kwenye kitabu.

#3 Mninga

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa kumtaja.

Carl Friedrich Gauss alizaliwa Braunschweig mwaka 1777 katika nyumba ya kimaskini. Baba yake aliishi kwa kazi za mikono, mama yake hakusoma shule. Mtawala wa Braunschweig ndiye aliyemlipia masomo baada ya walimu kumuona mtoto si wa kawaida. Mwaka 1795 akaenda Göttingen, na kilichomvuta ni ile maktaba niliyoieleza hapo juu. Alikuwa hajaamua bado kama asome lugha za kale au hisabati.

Mwezi Machi 1796, akiwa bado hajatimiza miaka 19, aliona jinsi ya kuchora umbo lenye pande 17 zilizo sawa kwa kutumia rula na bikari tu. Waambie wanafunzi wako uzito wa jambo hilo, mwalimu. Wagiriki walijua kuchora pembetatu, mraba, umbo la pande tano, na mengine yanayotokana na hayo. Baada yao zikapita zaidi ya miaka 2,000 bila mtu kuongeza hata moja jipya. Kijana wa mtu wa vibarua akaongeza. Hapo ndipo alipoamua kwamba maisha yake ni hisabati.

Mwaka 1807 alirudi Göttingen kuongoza kituo cha kutazamia nyota, akakaa hadi alipofariki 1855. Mwaka 1833 yeye na mwanafizikia Wilhelm Weber walivuta waya juu ya mapaa ya mji, ukapita kwenye mnara wa kanisa la Johannis, umbali wa zaidi ya kilomita moja, wakawa wanapelekeana maneno kwa umeme. Sindano ya sumaku ikiyumba kushoto ni alama moja, ikiyumba kulia ni alama nyingine. Leo sanamu yao wawili iko pembeni ya boma, mmoja amekaa, mwingine amesimama. Ule mchoro wa kengele unaoufundisha kwenye takwimu, mwalimu, uliwahi kuchapwa kwenye noti ya mark 10 ya Ujerumani, pembeni ya uso wake. Nchi iliweka mchoro wa hesabu kwenye hela ya kununulia mkate.

Aliyenigusa zaidi, hata hivyo, ni Bernhard Riemann. Mtoto wa mchungaji wa kijijini, mwenye haya, mgonjwamgonjwa. Mwaka 1854 alitakiwa kutoa mhadhara ili apewe haki ya kufundisha. Desturi ilikuwa unapeleka mada tatu, na kwa kawaida wanachagua ya kwanza. Gauss akachagua ya tatu, ambayo kijana hakuwa ameiandaa vizuri: misingi ya jiometri. Riemann akahangaika nayo majuma kadhaa, kisha tarehe 10 Juni akasimama akaeleza kwamba nafasi tunayoishi si lazima iwe bapa kama sakafu, inaweza kuwa imejikunja, na kujikunja huko kunapimika. Zaidi ya nusu karne baadaye Einstein alipotaka kueleza uvutano, hesabu aliyoihitaji ilikuwa imeshaandaliwa pale. Mwaka 1859 Riemann akaandika makala fupi kuhusu namba tasa na kuacha dhana moja bila kuithibitisha. Hadi leo hakuna aliyeithibitisha, na kuna zawadi ya dola milioni moja inamsubiri atakayeweza. Alikufa kwa kifua kikuu Italia mwaka 1866, ana miaka 39.

#4 BintiKilwa

Kaka Mninga, hapo kwenye kila aya ni wanaume watupu. Wanawake walikuwa wapi?

#5 Mninga

Dada, swali la haki na jibu lake linauma.

Mwaka 1787 chuo kiliposherehekea miaka 50, binti wa profesa mmoja, Dorothea Schlözer, alipewa shahada ya udaktari wa falsafa akiwa na miaka 17. Alifanyiwa mtihani na maprofesa, akashinda. Lakini siku ya sherehe hakuruhusiwa kuingia ukumbini, alitazama kupitia dirishani wakati jina lake likitangazwa. Mwaka 1874 Mrusi Sofia Kovalevskaya alipata udaktari wa hisabati wa Göttingen bila kuhudhuria, kwa kazi alizozituma.

Halafu mwanahisabati Emmy Noether. Huyu naomba nikae naye kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hisabati ya Göttingen ilikuwa mikononi mwa Felix Klein na David Hilbert. Klein alikuwa mjenzi, anajua kuongea na mawaziri na wenye viwanda mpaka fedha zipatikane. Hilbert ndiye aliyesimama Paris mwaka 1900 akaorodhesha maswali ambayo karne nzima ingehangaika nayo. Mwaka 1915 hao wawili walimwita Noether aje Göttingen. Wakaomba apewe haki ya kufundisha. Baadhi ya maprofesa wa kitivo wakakataa, wakiuliza askari wetu wakirudi vitani watajisikiaje kukuta wanafundishwa na mwanamke. Inasimuliwa kwamba Hilbert aliwajibu kuwa hapa ni chuo kikuu, si bafu la kuogea, jinsia ya mtu inahusu nini.

Hakupewa. Basi wakawa wanatangaza somo kwa jina la Hilbert, siku ikifika anaingia Noether. Mwaka 1918 akathibitisha jambo ambalo fizikia yote imesimama juu yake: palipo na ulinganifu katika kanuni za maumbile, pana kitu kisichopotea. Kwa sababu kanuni hazibadiliki kati ya jana na leo, nishati haipotei. Haki ya kufundisha alipewa mwaka uliofuata, 1919, na hata baada ya hapo aliendelea miaka kadhaa bila mshahara. Wanafunzi wake walimpenda mno. Alikuwa anatembea nao kwenye boma na vilimani wakijadiliana aljebra njia nzima.

#6 WakiliMtata

Mleta uzi unaandika vizuri, lakini sisi wengine tumesoma historia. Kwenye chuo hichohicho alipita Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani. Akapita Carl Peters. Mtu aliyeitwa na babu zetu Mkono wa Damu alikalia madawati hayo unayoyasifu. Mbona hujawagusa? Au vibao vya ukutani haviwasemi?

#7 Mninga

Wakili, nilikuwa nitafika huko, na umefanya vema kunisukuma.

Ni kweli. Bismarck alisoma sheria Göttingen 1832 na 1833. Alikuwa mlevi na mgomvi, aliingizwa mara kadhaa kwenye jela ya chuo. Ndiyo, chuo kilikuwa na jela yake kwa ajili ya wanafunzi, vyumba vyake bado vipo na kuta zimejaa majina waliyochora. Mwisho alizuiwa kuishi ndani ya mji, akapanga kwenye kijumba kidogo cha mviringo juu ya boma. Kijumba hicho kipo, kinaitwa kwa jina lake, na watalii wanapiga picha. Mimi nilikuwa nakipita nikitembea. Kila mara nilikumbuka kuwa aliyelala humu ndiye aliyekuja kuita mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885.

Na Peters alisoma historia na falsafa katika vyuo kadhaa, Göttingen kikiwa kimojawapo. Mwishoni mwa 1884 alikuwa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akiwawekea machifu karatasi wasizoweza kuzisoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, serikali ya Bismarck ikampa hati ya ulinzi wa Kaiser. Hivyo ndivyo tulivyogeuzwa mali.

Sitaki kuficha hilo ili mji uonekane mtamu. Elimu ya Göttingen haikumzuia Peters. Na mapema zaidi ya hao wawili kuna Johann Friedrich Blumenbach, profesa wa tiba pale, aliyekusanya mafuvu ya watu kutoka pande zote za dunia na kuwagawa wanadamu katika makundi matano. Ukimsoma utaona aliamini wanadamu ni jamii moja, na alikusanya vitabu vilivyoandikwa na Waafrika ili kuwaonyesha wenzake kwamba akili haina rangi. Lakini mgawanyo wake ulichukuliwa na watu wabaya kuliko yeye. Chuo bado kina mabaki ya binadamu katika makusanyo yake, mengine yalitoka makoloni, na kazi ya kutafuta yalikotoka inaendelea. Mwaka 2022 walirudisha mabaki ya Wahawaii kwa watu wao.

#8 Kalangala256

Habari zenu ndugu. Mimi ni wa visiwa vya Ssese, Uganda. Robert Koch pia si alisoma hapo? Huyo jina lake linajulikana kwetu.

#9 Mninga

Ndugu yangu, ndiyo. Koch alisoma tiba Göttingen kuanzia 1862 hadi 1866. Mwalimu wake Jakob Henle alikuwa ameshaandika zamani kwamba magonjwa ya kuambukiza yanatokana na viumbe hai wadogo, wakati wengi wakikataa. Mwanafunzi ndiye aliyekuja kuthibitisha: kimeta, kifua kikuu, kipindupindu.

Wewe wa Ssese unajua sehemu ambayo vitabu vingi vinaipita mbio. Mwaka 1906 na 1907 Koch aliweka kambi visiwani kwenu wakati malale yakiua watu wengi mno kando ya Nyanza. Aliwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki iliyoitwa atoksili, akiongeza kipimo ili aone matokeo. Baadhi walipofuka macho, na hayakurudi. Ningependa sana siku moja kibao cha Koch kule Göttingen kitaje pia Ssese.

#10 Kalangala256

Asante kwa kusema wazi. Endelea na 1933.

#11 Mninga

Haya. Nimeandika kipande hiki mara tatu nikifuta.

Kwanza muone kilele kilikuwa juu kiasi gani. Miaka ya 1920 Max Born alikuwa profesa wa fizikia, James Franck yuko naye jengo moja, na Franck akapata Nobel ya 1925. Mwaka huohuo msaidizi wa Born, kijana wa miaka 23 aitwaye Werner Heisenberg, alizidiwa na mzio wa chavua, macho yamevimba, akakimbilia kisiwa cha Helgoland kisicho na majani mengi. Kule akapata wazo la hesabu mpya ya atomu. Aliporudi Born akatambua kwamba hesabu zile ni matriki, yaani majedwali ya namba, akakaa na mwanafunzi wake Pascual Jordan wakazipanga. Fizikia ya kwanta ikapata lugha yake hapo. Mmarekani Robert Oppenheimer alichukua udaktari wake chini ya Born 1927, Maria Goeppert akachukua wake 1930. Taasisi ya hisabati ilipata jengo jipya mwaka 1929 kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller, na Richard Courant ndiye aliyeliongoza. Nimekaa kwenye ngazi zake. Ni jengo la kawaida tu.

Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ikatoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi kazini serikalini. Tarehe 25 Aprili ikaja simu ya maandishi kutoka Berlin: Born, Courant, Noether na wengine wasimame kazi. Hakuna aliyefanyiwa usaili wala kuulizwa neno.

Franck sheria haikumgusa, kwa kuwa alipigana vita vya kwanza mstari wa mbele. Yeye alijiuzulu mwenyewe, wiki moja kabla, akaandika magazetini kwamba hawezi kubaki kazini wakati wenzake wa asili yake wanafanywa wageni katika nchi yao. Mngetarajia wenzake wasimame naye. Wahadhiri 42 wa Göttingen walitia saini tamko. Tamko hilo lilimlaani Franck, likasema kujiuzulu kwake ni hujuma dhidi ya taifa.

Wanajamvi, hapo ndipo mimi huwa nakwama. Hitler namwelewa alikuwa nani. Hawa 42 ndio siwaelewi. Walikuwa wanakutana na Franck kwenye korido, watoto wao wamecheza pamoja.

Tarehe 10 Mei wanafunzi wakakusanya vitabu wakavichoma uwanjani, mahali panapoitwa sasa Albaniplatz. Hatua chache kutoka hapo ni makaburi alikolala Gauss. Katika mji uliojengwa juu ya maktaba.

Noether aliposimamishwa alifundishia nyumbani kwake. Mwanafunzi mmoja alikuja amevaa sare ya wanamgambo wa Nazi, naye akamfundisha kama wengine. Baadaye alipata kazi Marekani, chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, akafariki Aprili 1935 baada ya upasuaji, miaka 53 tu.

Edmund Landau, profesa wa hisabati na Myahudi, alikuwa bado na haki ya kufundisha kwa sababu aliajiriwa kabla ya vita vya kwanza. Tarehe 2 Novemba 1933 akafika kutoa somo la mwaka wa kwanza. Akakuta wanafunzi wamefunga njia ya ukumbi, wamesimama kimya mlangoni. Aliyewaongoza ni Oswald Teichmüller, kijana mwenye kipaji kikubwa sana cha hisabati, akamweleza Landau kwamba wanafunzi wa Kijerumani hawataki kufundishwa misingi na Myahudi. Landau akaomba kustaafu. Teichmüller naye alipotelea katika vita dhidi ya Urusi mwaka 1943.

Hilbert alikuwa mzee, akabaki. Mwaka uliofuata waziri wa elimu alimuuliza mezani, hisabati Göttingen ikoje sasa baada ya kuondolewa Wayahudi? Akajibu kwamba hisabati Göttingen haipo tena. Alifariki Februari 1943, waliomzika walikuwa wachache. Juu ya kaburi lake kuna maneno yake mwenyewe ya mwaka 1930: Lazima tujue. Tutajua.

#12 Mwl_Songea

Nimesoma nikasimama kidogo. Kilichukua karibu miaka 200 kufika pale, na kikavunjwa ndani ya miezi minane. Mkuu, hakukuwahi kuwa na mtu wa chuo hicho aliyesema hapana?

#13 Mninga

Walikuwepo, mwalimu, ndiyo maana naona uchungu zaidi. Miaka 96 kabla yake. Mwaka 1837 Mfalme Ernst August wa Hannover alifuta katiba ya 1833. Maprofesa saba wa Göttingen wakaandika kwamba wao walikula kiapo kwa katiba ile na hawawezi kuonekana mbele ya wanafunzi wao wakiwa watu wa kuchezea viapo. Walikuwa Dahlmann, Albrecht, Gervinus, Ewald, Weber yule wa waya wa Gauss, na ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm, wale wa hadithi za watoto. Wote saba walifukuzwa kazi Desemba, na watatu, Jacob Grimm akiwemo, wakapewa siku tatu kuondoka katika ufalme. Wanafunzi waliwasindikiza hadi mpakani.

Kila profesa wa 1933 aliijua habari hiyo. Ilikuwa fahari ya chuo.

Na baada ya vita ilirudiwa. Aprili 1957 wanasayansi 18, wakiwemo Born, Hahn, Heisenberg na von Laue, walitoa tamko la Göttingen wakikataa jeshi la Ujerumani Magharibi kupewa silaha za nyuklia, wakasema hakuna hata mmoja wao atakayeshiriki kuzitengeneza. Wakaitwa Kumi na Wanane wa Göttingen, na jina hilo halikuja kwa bahati, lilikumbusha wale saba.

#14 Chuma_cha_Pua

Na sasa hivi hali ikoje? Mdogo wangu anataka kuomba nafasi. Ada?

#15 Mninga

Chuo kilikuwa miongoni mwa vya kwanza Ujerumani kufunguliwa tena baada ya vita, Septemba 1945. Mji haukupigwa sana mabomu. Mwaka 1948 Jumuiya ya Max Planck, ya utafiti wa sayansi, ilizaliwa hapo, na taasisi zake bado zipo kilimani, Stefan Hell wa Nobel ya Kemia ya 2014 anafanya kazi huko. Washindi wa Nobel waliowahi kusoma au kufundisha pale ni zaidi ya 40. Lakini ile nafasi ya kuwa mji ambao kila mwanahisabati lazima apite haikurudi. Ilihamia Princeton na New York pamoja na watu wenyewe.

Ada ya masomo jimbo lile walifuta 2014. Unalipa mchango wa kila muhula, ambao unajumuisha usafiri. Kozi nyingi za uzamili za misitu na kilimo cha ukanda wa joto zinafundishwa kwa Kiingereza, lakini mwambie mdogo wako ajifunze Kijerumani kabla hajapanda ndege, hata cha kununulia nyanya. Chumba aanze kutafuta miezi mingi mapema. Oktoba wanafunzi wapya wanafika wote kwa pamoja na kuna wanaolala kwa marafiki wiki kadhaa. Mimi nililala sakafuni kwa Mkenya mmoja wiki tano.

#16 BintiKilwa

Huyo Mkenya yuko wapi sasa? Na nimeona picha za watu wanabusu sanamu ya msichana, ni huko?

#17 Mninga

Ni huko, dada. Mbele ya jumba la kale la mji kuna chemchemi, juu yake msichana wa shaba amebeba mabata bukini. Wanamwita Gänseliesel. Yupo tangu 1901, ingawa anayesimama pale sasa ni nakala, wa asili yuko makumbusho. Ukipata udaktari, wenzako wa maabara wanakuweka kwenye kitoroli walichokipamba, wanakuvuta mjini hadi pale, unapanda, unampa maua, unambusu. Mwaka 1926 mji ulipiga marufuku kwa sababu ya fujo, mwanafunzi mmoja akaenda mahakamani akashindwa, na watu wakaendelea kubusu.

Yule Mkenya aliyenilaza sakafuni alimaliza udaktari wa udongo mwaka wangu wa mwisho. Kitoroli chake nilikivuta mimi na Mhabeshi mmoja na wasichana wawili wa Kijerumani wa maabara yao. Tulikipamba kwa magunia ya kahawa na mifuko midogo ya udongo, kila mmoja umeandikwa jina la kijiji alikouchimba kule Machakos. Kulikuwa na manyunyu. Alipofika juu alitoa simu akapiga video nyumbani, mama yake akatokea, amevaa kitenge cha kanisani na nyuma yake majirani wamejaa. Mama akauliza kwa Kikamba huyo msichana mwenye mabata ni nani. Akamjibu, kisha akaigeuza simu ili aone uwanja wote, watu wanapiga makofi chini, akampa msichana maua, akambusu shavuni. Yule mama alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza.

Sasa anafundisha chuo kikuu kwao. Kesho nitamtumia uzi huu.